Kutoka Jukwaani hadi Kalamuni: Mwigizaji kama Mhakiki katika Tamthilia za Alice Childress

Mtunzi wa tamthilia anapokuwa amewahi kuigiza, wahakiki wengi hulitaja jambo hilo katika aya ya wasifu, kisha hulisahau. Makala haya yanashikilia kwamba kwa Alice Childress (1916–1994), Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Charleston na kulelewa Harlem, uigizaji ndio chimbuko la dira yake ya utunzi.

Childress aliigiza kwa miaka mingi katika kundi la American Negro Theatre, na mwaka 1944 alishiriki katika Anna Lucasta ilipofika Broadway. Nje ya kundi hilo, mwigizaji wa kike mweusi alitengewa nafasi finyu: mtumishi wa nyumbani au mama mnyenyekevu. Mwigizaji ana mamlaka juu ya sauti na mwili wake, lakini hana mamlaka juu ya maneno anayopewa. Pengo hilo ndilo lililomfanya Childress ashike kalamu.

Tamthilia yake ya kwanza, Florence (1949), inadhihirisha hayo. Mandhari ni chumba cha kungojea treni huko Kusini, kilichogawanywa kati ya weupe na weusi. Mama anasafiri kwenda New York kumrudisha bintiye Florence, anayehangaika kutafuta kazi ya uigizaji. Mzungu mmoja, naye mwigizaji, anaahidi kumsaidia binti huyo. Kumbe msaada wenyewe ni kumtafutia kazi ya utumishi wa nyumbani. Papo hapo Mama anaghairi safari na kumpelekea bintiye nauli ile ili asikate tamaa. Kinaya hapa kina uzito wa kimuundo: Florence haonekani jukwaani hata mara moja. Mwigizaji asiye na nafasi katika jamii anakosa nafasi pia katika tamthilia yenye jina lake.

Katika Trouble in Mind (1955) mwigizaji huyo anajitokeza. Wiletta Mayer anafanya mazoezi ya tamthilia inayodai kupinga mauaji ya weusi mikononi mwa magenge, lakini iliyoandikwa na mzungu. Mwanzoni anamfunza kijana John jinsi ya kumchekea mwelekezi na kuafiki kila neno. Mwelekezi huyo, Manners, anapomtaka auguse uhusika kwa dhati, Wiletta anagundua kwamba dhati haiwezekani: mama gani angemshauri mwanawe ajitoe kwa wauaji? Mbinu ya tamthilia ndani ya tamthilia inageuka kuwa uhakiki. Swali linaloonekana kuwa la kiufundi, yaani motisha ya mhusika, linafichua siasa ya usawiri mzima.

Historia ya tamthilia hii iliyathibitisha maudhui yake. Baada ya kuonyeshwa Greenwich Mews, ilipangwa kupelekwa Broadway, lakini watayarishaji walidai mabadiliko ambayo Childress hakuyaridhia, na mpango ukavunjika. Ilifika huko mwaka 2021, miaka 27 baada ya kifo chake. Kama Wiletta, mtunzi alilipia kukataa kwake.

Yawezekana kudai kwamba malumbano ya Wiletta na Manners yanakaribia kuwa hotuba, na kwamba ujumbe unaizidi fani. Dai hilo lina ukweli likitegemea maandishi peke yake. Hata hivyo, linapuuza kwamba kila hoja ya Wiletta inazaliwa na tendo la mazoezi: mstari unaokataa kutamkika, ishara inayokataa kufanyika. Mwili wa mwigizaji ndio unaotangulia kukataa, maneno yanafuata.

Kwa hiyo, Childress hakuiacha kazi moja akaingia nyingine. Aliipeleka kalamuni hoja ambayo jukwaa lilimnyima nafasi ya kuitamka. Mhakiki anayezisoma tamthilia zake kama maandishi tu, bila kuuliza zinadai nini kwa anayeziigiza, anarudia kosa la Manners: kumtaka mwigizaji atii kabla ya kumsikiliza.