Historia ya Maboi wa Elisabethville, na sababu ya kusoma lugha chuo kikuu

Kuna andiko moja ambalo nataka vijana wetu walijue kabla ya kujaza fomu za chuo kikuu. Liliandikwa Elisabethville mwaka 1965, mji tunaouita leo Lubumbashi. Mwandishi ni André Yav, na aliandika kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa maboi wa Wazungu: wapishi, wafuaji, wafagiaji wa nyumba. Walilipiga kwa mashine ya taipu wakatoa nakala. Jina lake ni la Kifaransa, Vocabulaire, kama orodha ya maneno ya mji. Lakini ukifungua ndani, orodha ya maneno huioni. Ni historia ya mji na ya Kongo tangu wakati wa Leopold wa Pili, inavyosimuliwa na watu waliokuwa wanasimama jikoni na kusikia kila kitu.

Na limeandikwa kwa Kiswahili chetu. Siyo cha Dar es Salaam, siyo cha Biblia. Ni kile cha Katanga, chenye Kifaransa ndani yake, ambacho mama zetu wanauzia samaki na sisi tunagombania mpira.

Nianze na ubaya wake, juu sitaki msomaji adanganyike. Si rahisi kulisoma. Maneno yanashikana pasipotakiwa, nukta haziko mahali pake, miaka inarukaruka, jambo moja linarudi mara mbili au tatu. Mwalimu wa lugha akipewa karatasi hizo kama insha ya mwanafunzi, atamaliza kalamu nyekundu. Na uzuri wake je? Mwandishi anajua anachokitaka: jina la boi lisipotee wakati jina la bwana limebaki kwenye barabara. Hana makaratasi ya serikali, ana kumbukumbu za wenzake. Vitabu vingi vya historia ya Katanga vinahesabu tani za shaba. Hiki kinahesabu watu. Ndiyo maana ninakiita fasihi, hata kama hakuna aliyekipa jina hilo kilipotoka.

Sasa chuo kikuu kinaingiaje hapa? Kulikuwa na mwalimu mmoja wa antropolojia, Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970 na baadaye Amsterdam. Mwaka 1990 alitoa kitabu chenye maandiko yote ya Yav, tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu. Aliona kwamba kusoma kwa macho tu hakutoshi. Basi Kalundi Mango, mtu aliyekulia katika lugha hiyo, akalisoma kwa sauti, na kutoka sautini maana ikafunguka. Nilipolijua jambo hili nilisimama kidogo. Kumbe makosa mengi ya Yav si makosa. Aliandika kama mtu anayeongea mbele ya watu, na sikio ndilo linajua sentensi inaishia wapi.

Kazi hiyo naisifu. Bila chuo kikuu, karatasi zile zingeliwa na mchwa. Leo maandiko yenyewe yako kwenye intaneti, mtu anaweza kuyasoma bure. Lakini mhakiki asisifu tu. Maelezo marefu, yale yanayosema kitabu hiki kina thamani gani, yako kwa Kiingereza. Jina la profesa liko mbele, jina la yule aliyesoma kwa sauti liko kama msaidizi. Fabian mwenyewe hakumficha Mango, hilo ni jambo la heshima. Swali langu linatuhusu sisi: kwa nini mtu wa Katanga awe sikio tu, asiwe pia mkono unaoandika maelezo? Jibu ninaloliona ni kwamba wachache sana kati yetu wanapelekwa kusoma lugha. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini kazi ya serikali inafanyika kwa Kifaransa. Tukivuka ziwa kuja huku, shule ni Kiingereza. Kiswahili chetu kinabaki cha nyumbani na sokoni, na mtoto anakua akifikiri si kitu cha kusomea.

Hapa Kabuta, na kule Mantapala walikopokelewa wengi tangu 2018, kijana akimaliza Gredi 12 na kusema anataka kusoma lugha na uandishi, watu wazima wanacheka. Baba anasema, mwanangu, soma uuguzi. Mfanyakazi wa shirika anasema kwa upole ati afikirie soko la ajira. Siwalaumu. Nafasi za ufadhili kama ule wa DAFI, ulioanza 1992, haziwatoshi wanaoomba, na familia inataka mtu atakayeleta unga. Ila nawaomba waangalie jambo moja.

Kwetu Katanga, mwanaume akisema "bibi yangu", anamsema mke wake. Kwa Mtanzania, hilo neno mara nyingi ni mama wa mama yake au wa baba yake. Niliwahi kukaa na baba mmoja ambaye fomu yake ilijazwa na mkalimani wa Kiswahili cha vitabuni. Mke wake aliyebaki ng'ambo akaandikwa kuwa nyanya yake. Alipoomba aunganishwe na mke, karatasi ilisema hana mke. Mkalimani hakuwa mtu mbaya, alikuwa amesoma Kiswahili kimoja tu. Baba yule alirudi ofisini mara nyingi juu ya neno moja. Sasa niambieni, mtu anayejua Viswahili vyote viwili, pamoja na Kibemba na Kiingereza, na anayejua kuandika tofauti zake vizuri, kazi yake haina soko?

Watoto wa ziwa wamefika huko kabla yetu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, lugha ya kwao ni Kikerewe. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971, akaenda hadi Wisconsin, Marekani, akapata udaktari mwaka 1985. Masomo makubwa aliyafanya kwa Kiingereza, lakini riwaya na mashairi aliendelea kuyaandika kwa Kiswahili. Nairobi nako, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliuliza kwa nini idara ya Kiingereza ndiyo iwe katikati ya chuo cha Waafrika. Walitaka fasihi ya Afrika ikae katikati, pamoja na ile ya mdomo. Hao walikuwa walimu wa chuo, siyo watu wa nje wanaorusha mawe.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa kikundi chetu: ukipata nafasi, nenda, jifunze Kiswahili sanifu, jifunze sarufi mpaka ichoke yenyewe. Sanifu ni mtumbwi mzuri, unafika mbali. Lakini usiende kule kutibiwa lugha ya mama yako kama ni ugonjwa. Nenda nayo kama mzigo wa mali.

Na kabla ya barua ya chuo kufika, tuko na kazi. Jumamosi ijayo kikundi kinaanza kusoma maandiko ya Yav kwa sauti, kurasa mbili mbili, na wazee waliowahi kukaa Lubumbashi wanaombwa waje kusikiliza na kusahihisha. Wafanyakazi wa mashirika nao waje. Wakalimani waje na daftari.