Maabara ya Mbwa Ikifungwa, Tunapoteza Nini?

Chuo kikuu kikitangaza kufunga kituo kinachochunguza akili za mbwa na paka, watu wengi hucheka. Kwani hawa walikuwa wanalipwa kucheza na mbwa? Swali lina haki yake, maana fedha za utafiti ni chache na malaria bado ipo. Tatizo ni utetezi unaotolewa kwa kawaida, kwamba wanyama hawa wanapendeza na tunawapenda. Huo ni utetezi dhaifu, na upo ulio bora.

Chukua jambo ambalo kila mwenye mbwa anadhani analijua. Umerudi nyumbani, kiatu kimetafunwa, mbwa ameinamisha masikio na anakwepa macho yako. Anajua kosa lake, si ndiyo? Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, alichapisha jaribio la mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza kula kipande cha chakula, kisha akatoka. Aliporudi aliambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine habari hiyo ilikuwa ya uongo. Ile sura ya hatia ilifuata kufokewa, siyo kosa. Ilionekana hata zaidi kwa mbwa waliofokewa bila kula chochote. Sasa fikiria ni mbwa wangapi wanachapwa kwa sababu "wamekiri".

Lakini jaribio la mbwa 14 ni mwanzo tu. Kazi ya pili ya sayansi ni kurudia na kusahihisha, na hiyo ndiyo inayokufa kituo kinapofungwa. Mwaka 2002 Brian Hare na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba mbwa huwashinda sokwe na mbwa mwitu wa kaskazini katika kufuata ishara za binadamu, kama kidole. Wakapendekeza kwamba kufugwa ndiko kulikompa mbwa kipaji hicho. Mwaka 2008 Monique Udell na wenzake wakaonyesha kwamba mbwa mwitu waliozoeshwa watu wanaweza kufanya vizuri kuliko mbwa. Nani yuko sahihi? Ikabidi maabara nyingi ziungane. Mradi wa ManyDogs, uliochapishwa 2023, ulipima mbwa 455: walifuata kidole kwa kiwango kinachozidi kubahatisha kidogo tu, na kumwita mbwa jina na kumtazama kwanza hakukuonyesha tofauti. Dai la kwanza lilivuma, marekebisho yakachukua miaka 20.

Kuna maswali mengine ambayo hayajibiki kabisa bila muda. Mwaka 2022 watafiti wa Dog Aging Project, Marekani, waliripoti kuhusu mbwa zaidi ya 15,000. Kila mwaka wa umri uliongeza kwa asilimia 52 uwezekano wa mbwa kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, unaofanana na ule wa wazee wetu. Mbwa wasiotembea sana walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 6 ukilinganisha na wachangamfu. Je, uvivu unaleta ugonjwa, au ugonjwa unaleta uvivu? Picha ya siku moja haiwezi kusema. Lazima uwafuate mbwa walewale mwaka hadi mwaka. Na mwishoni mwa 2023 viongozi wa mradi walitangaza kwamba taasisi ya serikali inayotoa sehemu kubwa ya fedha huenda isiziendeleze. Yaani mtu apande mwembe, aung'oe unapoanza kutoa maua.

Hata hivyo, vituo hivi navyo vina la kujibu. Mbwa wao wengi ni wa nyumbani, wenye tajiri aliye na gari na nafasi ya kuwaleta maabara. Mbwa wengi duniani hawaishi hivyo, wanazurura. Huko India, Anindita Bhadra na wenzake waliwafuata mbwa wa mitaani, na mwaka 2020 wakaripoti kwamba karibu nusu walikataa hata kusogea. Waliosogea, takriban asilimia 80 walifuata kidole. Hofu kwa binadamu, basi, ni sehemu ya jibu, na huwezi kuiona kwenye chumba chenye zulia.

Kwetu hilo si suala la kupendeza. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Tanzania na Kenya, na ili kukizuia inabidi kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa. Mbwa anayekimbia mkono wa mtu hachanjwi. Kujua anaamua vipi kumwamini mtu ni elimu ya afya.

Kwa hiyo sitetei kila kituo. Kile kinachorudia majaribio madogo kwa mbwa walewale wa kitajiri, kihojiwe. Lakini kabla ya kufunga mlango, chuo kiseme takwimu zitatunzwa wapi na nani ataendelea kuwapima mbwa walioanza kufuatiliwa. Kama hakuna jibu, basi fedha zilizokwisha kutumika ndizo zinazotupwa.