Kikosi cha Kisasi katika Mfululizo wa Willy Gamba: Tahakiki kwa Mtazamo wa Msomaji wa Rusizi

Riwaya ya mfululizo ina tatizo lisiloikabili riwaya ya pekee: msomaji anajua tangu mwanzo kwamba shujaa hatakufa. Kwa hiyo kila toleo jipya hupimwa kwa kile linachoongeza, si kwa kile linachokariri.

Katika Kufa na Kupona (1974), Elvis Musiba alimtambulisha Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania anayefuatilia hadi Nairobi nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Kikosi cha Kisasi (1979) kinampeleka Kinshasa. Adui ni yuleyule, utawala wa Makaburu na vibaraka wake. Kilichopanuka ni ramani. Ukombozi wa kusini unakuwa hatima ya bara zima, na hapo ndipo toleo hili linapostahili nafasi yake. Shujaa mwenyewe, hata hivyo, hakukua. Ujasiri wake hautiwi shaka, na wanawake wanaomzunguka husawiriwa kwa uzuri wao kabla ya akili zao.

Msomaji wa Rusizi ataona upungufu mwingine. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, ambako Kiswahili husikika sokoni na majumbani. Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 upande wa magharibi, hutawaliwa na Kilingala na Kifaransa. Mchuuzi wa Kamembe huvuka mipaka ya lugha kila siku na hujua kwamba lafudhi moja yaweza kumfichua mgeni. Usimulizi wa Musiba unatiririka katika Kiswahili sanifu cha Tanzania, na tofauti hizo hazifanywi kuwa kiini cha fumbo. Kwa riwaya ya kijasusi, hiyo ni fursa iliyopotea.

Hata hivyo, usanifu huo una manufaa. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, shule zinahitaji vitabu vinavyosomwa kwa hamu. Kisa hiki kinajitegemea na mwendo wake ni wa kasi. Kinafaa maktaba za sekondari, mradi mwalimu aongoze mjadala kuhusu usawiri wa wanawake na uhalali wa kisasi. Lakini kusambaza vitabu vya zamani hakutoshi. Sera ya lugha iwawezeshe pia waandishi wa Rusizi kutunga riwaya ambamo mpelelezi hunasa mhalifu kwa kusikiliza jinsi anavyozungumza.