Heko mafundi mbao wa Mlandege

Mafundi seremala wa Mlandege, mjini Iringa, wanastahili pongezi kwa kitu ambacho mteja mwenye haraka hakioni: subira. Paina inayotoka Sao Hill, kule Mufindi, huja na maji mengi, na kinga yake ya asili ni ndogo. Ukiipigilia mbichi, madoa ya buluu hujitokeza, na ikiendelea kushika unyevu huoza. Fundi makini huipanga kivulini juu ya matofali, akitenganisha mbao kwa vijiti ili upepo upite. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 20, kuvu inayoozesha haiwezi kuota. Kwa mbao za ndani ya nyumba, sijaona dawa ya dukani inayoizidi kazi hiyo.

Kwa kizingiti kinachopigwa na mvua, fundi huchagua mninga. Mtazame fundi akiugeuza ubao: anachora mstari wa penseli pale wekundu wa kiini unapoanzia, kisha anakata weupe wote wa pembeni. Kiini kina kemikali ambazo mti umejiwekea wenyewe, weupe hauna.

Kwa kinga ya ziada, nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya kitani haiui kuvu, ila huchelewesha maji kuingia. Kinga nyingine ni tanini. Kule Njombe, kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa 1949, imejulikana kwa tanini ya magome ya miti ya miwati. Tanini huidhoofisha kuvu, ingawa mvua huiosha isiposhikamana na ubao.

Fundi akikuambia mbao bado hazijakauka, mpe muda huo, na malipo yake kamili.