Jina la Muuaji Uliandike Mwenyewe

Kioo kinavunjika ghorofani. Wageni waliokuwa wakipiga soga baada ya chakula cha jioni wanatazamana, kisha wanapanda ngazi kwenda kuangalia. Chumbani dirisha limepasuka, upepo wa theluji unaingia, na mwili wa mgeni mmoja umekutwa umekatwa vipande. Nje kuna dhoruba kali, hatoki mtu wala haingii mtu. Jioni hiyo hiyo wasichana watatu waliokuja likizo walikuwa wameokota karatasi chumbani mwao, imeandikwa kwamba saa sita usiku kuna mtu atakufa.

Mpenzi wa riwaya za upelelezi anaijua hali hii vizuri: nyumba iliyotengwa, watu wanaohesabika, na muuaji yumo humo humo. Safari hii, hata hivyo, hadithi inasomwa kwenye televisheni. Ni Kamaitachi no Yoru, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Chunsoft huko Japani mwaka 1994 kwa ajili ya mashine ya Super Famicom. Aliyeuandika ni Takemaru Abiko, mwandishi wa riwaya. Sijaona mahali pengine ambapo mtunzi wa vitabu na mafundi wa michezo wamekutana wakapeana kila mmoja kile alichokikosa mwenzake namna hii.

Chunsoft ilianzishwa na Koichi Nakamura mwaka 1984, na ndiyo iliyoandika programu za michezo mitano ya kwanza ya Dragon Quest. Mwaka 1992 walijaribu kitu cha ajabu kwa wakati ule. Mchezo wao wa Otogirisō ulikuwa maandishi yanayojaza skrini, picha ikiwa nyuma yake, sauti za hatua na milango zikisikika, na msomaji akichagua njia kila anapofika njia panda. Ilikuwa hadithi ya kutisha, na hadithi ya kutisha haina deni kwa mtu. Mzuka haulazimiki kujieleza. Fumbo la mauaji lina deni. Hadithi yao iliyofuata ya namna hii ya maandishi ilikuwa fumbo la mauaji, ikakabidhiwa Abiko.

Abiko alitoka kwenye chama cha wapenzi wa riwaya za mafumbo cha Chuo Kikuu cha Kyoto, pamoja na Yukito Ayatsuji na Rintaro Norizuki. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1989, wakati vijana hao walipokuwa wakilirudisha fumbo safi kwenye fasihi ya Japani. Sheria yao ni ile ya wakongwe: msomaji apewe kila dokezo alilopewa mpelelezi. Ellery Queen alikuwa akisimamisha riwaya kabla ya mwisho na kumwambia msomaji kwamba sasa anacho chote anachohitaji, afikiri mwenyewe. Ni heshima kubwa, lakini kitabu hakina njia ya kumshurutisha mtu. Sisi tuliosoma visa vya mpelelezi Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla tunaijua raha ya kusubiri mzee awashe kiko chake na kutufafanulia kila kitu. Usipojua jibu unafunua ukurasa, basi.

Katika Kamaitachi ukurasa haufunuki hivyo. Ikifika saa ya kumtaja muuaji, skrini inakuletea herufi uliandike jina mwenyewe. Hapo ndipo ninapomvulia Abiko kofia. Angekupangia majina ungebahatisha, ungerudi, ungebahatisha tena. Herufi tupu zinakudai uwe umeshaamini kitu. Na ukishindwa, hakuna wa kukufafanulia: usiku unaendelea na mtu mwingine anauawa.

Fikiria mtunzi alivyojinyima ili hilo liwezekane. Mwandishi wa kitabu ana uhakika kwamba aliyefika sura ya kumi amepita sura ya tatu. Abiko hakuwa na uhakika huo. Huyu amekwenda kukagua vyumba, yule amebaki chini na Mari, msichana ambaye mhusika wako anampenda. Kwa hiyo vidokezo vilipaswa kuwekwa pale ambapo kila mtu atapita, na mapema, kwa sababu fumbo linaweza kufumbuliwa kabla hajauawa mtu wa pili. Halafu, kwa wale waliochelewa, ukweli ule ule ulipaswa kuendelea kusimama: kila kifo kinachofuata kitokane na sababu ile ile, na muuaji atende jambo lenye maana kwake hata kama usiku umerefuka. Ni kama kusuka mkeka ambao mnunuzi anaweza kuukata popote, nao usifumuke.

Chunsoft nao walimlindia silaha yake. Picha za nyumba zinaonekana kama za kweli, lakini watu ni vivuli vya samawati visivyo na sura. Uso ungekuwa ushahidi. Tungemshuku mwenye macho makali. Kivuli hakikuambii kitu, kwa hiyo unarudi kwenye maneno: mfanyabiashara wa Osaka na lahaja yake, nani kasema alikuwa wapi, nani kajibu haraka mno. Tena sentensi hazimwagwi zote. Unabonyeza, linakuja fungu moja. Unabonyeza, linakuja jingine. Katika kitabu jicho huteleza hadi chini ya ukurasa na kuliona neno "maiti" kabla ya wakati wake. Hapa haliwezi kuteleza, na katikati ya fungu moja na lingine unausikia upepo ukipiga kuta.

Waliochelewa sana hufika mahali ambapo waliobaki ni wachache na kila mmoja anamwogopa mwenzake, hata Mari anakutilia shaka wewe. Kwangu mimi huko ndiko kwenye moyo wa kazi hii. Vifo vile vinauma kwa sababu vidokezo ulikuwa navyo mkononi tangu mwanzo.

Ukishafumbua, njia nyingine hufunguka: nyumba ile ile na watu wale wale, safari hii katika kisa cha majasusi au cha mizimu. Zinachangamsha, ingawa naona uzito umebaki kwenye usiku ule wa kwanza, ambao haukubadilisha ukweli wake kwa ajili ya mtu yeyote.

Mwaka 2010 Chunsoft walimrudia Abiko, safari hii pamoja na Ayatsuji na watunzi wengine, kwa mchezo wa Trick×Logic wa mashine ya PSP. Herufi za kuandika jina zimeondoka. Mchezaji anasoma kisa, anatia alama kwenye maneno anayoyashuku ndani ya maandishi yenyewe, kisha anayaunganisha mawili mawili mpaka wazo lizaliwe. Sasa mtunzi haulizi tu nani ameua. Anakutaka umwonyeshe ni sentensi zipi zilizokufikisha hapo.