Takriri ya Mizoga: Peter Beard na Nyika ya Voi

Mazoea ya kila siku ya msanii huweza kuwa fani kamili. Andy Warhol alizoea kutembea na kamera ya Polaroid, akizipata picha zake papo hapo. Rafiki yake Peter Beard (1938–2020), Mmarekani aliyeishi Ngong kwa miaka mingi, aliandika shajara tangu utotoni, akibandika kurasani picha, vipande vya magazeti, majani na hata damu. Wahakiki wengi wameusifu wingi huo. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: mazoea hayo yanaona nini, na yanaacha nini?

Mfano bora ni picha za ukame wa 1970 na 1971, ulioua maelfu ya ndovu katika mbuga ya Tsavo Mashariki, yenye makao makuu Voi. Palikuwa na ubishi mkali baina ya wataalamu waliotaka ndovu wapunguzwe kwa kuuawa na David Sheldrick, msimamizi wa mbuga, aliyetaka maumbile yaachiwe kazi yake. Beard aliziingiza picha hizo katika toleo la 1977 la The End of the Game, kitabu kilichotoka kwanza 1965. Nguvu yake imo katika takriri. Mzoga mmoja ungezua huruma tu. Mizoga ukurasa baada ya ukurasa, ikitazamwa kutoka angani, inageuka kuwa hoja: hifadhi isiyojua kikomo chake nayo huua.

Hata hivyo, jicho la angani lina upofu wake. Kutoka juu, nyika huonekana tupu. Picha hazidokezi kwamba mbuga hiyo, iliyoanzishwa 1948, ilimeza ardhi waliyoitegemea Wataita na Wawaata. Wala hazimwonyeshi mkulima anayekesha shambani akilinda mahindi yake dhidi ya ndovu. Basi “mwisho” unaotangazwa na jina la kitabu ni mwisho wa nani?

Beard mwenyewe alidokeza jibu. Katika Longing for Darkness (1975) alimwachia Kamante Gatura, aliyekuwa mpishi wa Karen Blixen, asimulie na kuchora. Humo picha ya mgeni na sauti ya mwenyeji hujibizana. Picha za Tsavo zimekosa mkono wa pili wa aina hiyo. Ndiyo maana zinabaki ushahidi mzito wa kifo, lakini mwepesi wa maisha ya Taita Taveta.