Nakala Katika Faili

Katika miaka yangu ya kufundisha nimesahihisha insha nyingi mno juu ya methali ya ufa na ukuta. Karibu zote zilikuwa na mwenye nyumba mvivu: anauona ufa, anaudharau, masika yanafika, ukuta unaanguka, anajuta. Nilizipa alama nzuri. Leo ningemwuliza mwanafunzi swali moja tu: je, ikiwa aliyeuona ufa siye mwenye mwiko?

Swali hilo lilinijia baada ya tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib ilipoporomoka mjini Zanzibar, huku jengo likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Mafundi wawili walikufa. Jumba hilo alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883, nalo lilinusurika mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896. Baadaye likawa makumbusho. Nami nimepata kuwapeleka wanachuo wautazame mtepe uliowekwa mle ndani.

Wengi walishangaa. Lakini mwaka 2012 sehemu ya jumba ilikwisha kuanguka, na wageni wakazuiwa kuingia. Tena namna majengo ya aina ile yanavyokufa si siri. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta na chokaa hulegea. Chuma nacho, katika hewa ya bahari, hushika kutu, na kutu huvimba ikapasua jiwe lililo karibu. Kazi hiyo huchukua miaka, na hufanyika mchana kweupe.

Wala wasimamizi hawakukosekana. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia, na taarifa juu ya hali yake zimeandikwa mara nyingi. Mimi si hakimu wa mkasa ule. Lawama yangu ni pana zaidi: tumeugeuza usimamizi wa majengo ya umma kuwa kazi ya kuandika. Mmoja hukagua, wa pili hupokea taarifa, wa tatu ameshika fungu la fedha, wa nne ndiye mwenye ngazi na mwiko. Na kila mmoja akishatia sahihi hujiona amemaliza. Fedha nazo hukimbilia majengo mapya. Sijapata kuona kiongozi akialikwa kukata utepe wa mfereji wa paa uliozibuliwa.

Ningependa taarifa ya ukaguzi isomwe chini ya ukuta wenyewe, si mezani. Mkaguzi wa pili asiulize kama ya kwanza iliandikwa. Aulize ni bati lipi lilibadilishwa tangu siku ile. Na anayeuona ufa apewe uwezo wa kufunga mlango, hata kama hana uwezo wa kununua saruji.

Sisemi haya nikiwa nimesimama pembeni. Katika chuo nilichokiongoza, dari ya bwalo la chakula ilianza kulegea. Niliiandikia barua ofisi iliyohusika na majengo. Nikaandika ya pili, kisha ya tatu, zote kwa lugha ya heshima, na nakala nikazitia katika faili. Walipokuja wakaguzi walilifungua faili, wakazikuta nakala zimepangwa kwa tarehe, wakanipongeza kwa utunzaji mzuri wa kumbukumbu. Tulikunywa chai. Hakuna aliyetaka kuiona dari, nami sikuwaongoza kwenda huko, ingawa bwalo lilikuwa hatua hamsini kutoka mlangoni pangu.

Wiki chache baadaye ubao wa dari ulianguka wakati wa chakula cha jioni, na mwanachuo mmoja akavunjika bega.

Nilipotakiwa kujieleza nilipeleka lile faili. Lilinisafisha kabisa, hata karipio sikupata. Baba yake yule kijana alikuja kumchukua, akanisikiliza nikimsomea tarehe za barua zangu, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani hamkuweza kulia nje?"

Tungeweza. Palikuwa na miembe mitatu yenye kivuli kizuri, na ufunguo wa bwalo ulikaa katika droo yangu.